Kisiwa Huchagua Wanyama Wake

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Rujewa. Yamepigwa chapa hapa kama yalivyosemwa, ili mwanafunzi ayasome tena pole pole nyumbani.

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya kuanza: kisiwa, bara, kina, mlango wa bahari, mamalia, kutoweka, ushoroba.

Mlio nyuma sogeeni karibu na redio. Akina mama mliokuja na watoto mgongoni, karibuni. Mtoto akilia hatuna neno. Mwenye daftari na afungue ukurasa mpya, aandike juu yake: Wanyama wa visiwani.

Somo la leo limetokana na swali. Mwanafunzi mmoja wa Rujewa alikwenda Unguja kufanya kazi ya ujenzi, akakaa huko miaka miwili. Aliporudi aliwaambia wenzake darasani: "Kisiwa kile nimekitembea kusini na kaskazini. Sikuona unyayo wa tembo, wala sikusikia simba akinguruma. Hapa kwetu tembo hutuharibia mpunga. Je, kule hawakuumbwa, au walikuwapo wakatoweka?" Mzee mmoja akamjibu: "Mwanangu, simba hana nauli ya meli." Darasa zima likacheka. Lakini baada ya kucheka, swali lilibaki pale pale. Ndilo tutakalolijibu leo.

Kwanza tueleze neno moja. Mamalia ni wanyama wanaonyonyesha watoto wao. Ng'ombe ni mamalia. Panya ni mamalia. Popo naye, ingawa anaruka, si ndege. Hunyonyesha mtoto wake, basi ni mamalia. Leo tutazungumza juu ya hao tu. Kuku, mamba na samaki tutawaacha kando.

KICHUGUU KATIKATI YA MAJI

Tusianze mbali. Tuanzie shambani. Ninyi wakulima wa mpunga mmeona jambo hili mara nyingi. Mvua zikishika, Mto Mbarali ukijaa, maji huenea majarubani. Kile kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba hubaki kikavu, maji yamekizunguka pande zote. Hicho ni kisiwa.

Kitazame vizuri. Juu yake utaona panya. Huenda utaona nyoka. Ndege ametua juu kabisa. Wote hawa wamefikaje? Panya na nyoka walikuwapo hapo kabla ya maji kuja, maji yaliwakuta. Ndege aliruka akaja baadaye. Pengine panya mwingine aliogelea, au alichukuliwa na maji akiwa juu ya kijiti, akatupwa hapo. Basi njia za kufika kisiwani ni tatu: kukutwa na maji, kuruka, na kuogelea au kuelea. Ya nne ni kuletwa na mtu, nayo tutaitaja baadaye.

Sasa kaa siku kumi, kisha urudi ukitazame tena kichuguu kile. Nyoka amekula panya wengi. Panya wamebaki wachache. Nyoka naye sasa ana njaa, na hana pa kwenda. Atakufa yeye kwanza, au atajitosa majini. Kichuguu kilianza na wanyama wengi, sasa kina wachache, na aliyetangulia kuondoka ni yule anayekula wenzake.

Ndugu zangu, mkikumbuka kichuguu hicho, mmekwisha shika nusu ya somo. Sasa tusafiri hadi baharini.

UNGUJA NA PEMBA: NDUGU WAWILI WASIOFANANA

Katika bahari ya Hindi, mbele ya pwani yetu, kuna visiwa vitatu vikubwa: Pemba upande wa kaskazini, Unguja katikati, na Mafia upande wa kusini. Unguja ina eneo la kilomita za mraba 1,600 hivi. Pemba ni ndogo zaidi, haifiki kilomita za mraba 1,000. Kutoka bara hadi Unguja ni kilomita 35 hivi. Kutoka bara hadi Pemba ni kilomita 50 hivi.

Mtu akitazama ramani atasema: visiwa hivi ni ndugu, wanyama wao watakuwa sawa. Lakini sivyo. Unguja ilikuwa na chui, Pemba hakuna. Unguja ina kima punju, yule kima mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni, Pemba hakuwako. Wale wachache waliomo sasa katika msitu wa Ngezi walipelekwa na watu kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Kwa nini basi tofauti hiyo?

Jibu halimo katika upana wa bahari. Limo katika kina chake, yaani urefu wa kwenda chini. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara si wa kina kirefu. Sehemu nyingi ni mita 30 hadi 50 tu. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara ni shimo kubwa. Kina chake hufikia karibu mita 800.

Sasa sikilizeni. Miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali. Maji mengi sana yaliganda yakawa barafu katika nchi za kaskazini. Kwa kuwa maji yaliganda juu ya nchi kavu, bahari ilipungua. Ilishuka karibu mita 120 chini ya ilivyo leo. Hebu fanyeni hesabu pamoja nami. Bahari ikishuka mita 120, na kina cha mlango wa Unguja ni mita 50, kutabaki nini? Patabaki nchi kavu. Mtu angaliweza kutoka bara akatembea kwa miguu mpaka Unguja bila kulowa unyayo. Wakati ule Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima cha bara.

Na Pemba je? Toa 120 katika 800. Yanabaki mita 680 za maji. Pemba ilibaki kisiwa vile vile. Wataalamu wanasema Pemba imetengana na bara kwa mamilioni ya miaka.

Mmeona sasa? Wanyama wa Unguja ni kama panya wa kichuguuni: maji yaliwakuta. Dunia ilipopata joto, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita maji yakafunga njia. Waliokuwa upande ule wakabaki upande ule. Ndiyo maana kima punju ana ndugu zake bara. Mmoja wa ndugu hao hayuko mbali nanyi: ni mbega mwekundu wa milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Na yule paa mdogo aitwaye paa nunga huonekana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya. Hawakupanda meli. Walitembea.

Pemba, ambayo haikuwa na daraja la nchi kavu, ilipata wanyama wa namna nyingine. Mwenyeji wake mashuhuri ni popo mkubwa anayekula matunda. Akitandaza mabawa, hufikia mita moja na nusu au zaidi kidogo. Popo huyu hapatikani mahali pengine popote duniani ila Pemba. Nasaba yake haimo kabisa katika bara la Afrika; wenzake wako Komoro, Madagaska, Shelisheli na kuendelea mpaka Asia. Yaani popo wa Pemba hakutoka Tanga. Ukoo wake ulivuka bahari kutoka mashariki, kisiwa hadi kisiwa. Kwa mwenye mabawa, bahari ni barabara.

Tusisahau Mafia. Huko kuna jambo la ajabu: kuna viboko. Wenyeji husimulia kwamba viboko hao walitoka Mto Rufiji wakati wa mafuriko, wakachukuliwa hadi kisiwani. Kiboko hustahimili maji, na Mafia haiko mbali na mdomo wa Rufiji. Ninyi wa Rujewa mnaujua mto huo bila kuufikia. Maji ya Mto Mbarali huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji. Maji yanayopita mbele ya mashamba yenu, yakifika mwisho wa safari, hutazamana na Mafia.

PANGO LA KUUMBI

Sasa turudi kwa swali la yule ndugu yetu: je, Unguja haikupata kabisa wanyama wakubwa, au walitoweka?

Upande wa kusini-mashariki wa Unguja, karibu na Jambiani, kuna pango liitwalo Kuumbi. Watu wa kale waliishi humo na kula nyama humo, wakaacha mifupa. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba sakafu ya pango hilo, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayefunua mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Mkeka wa juu ni wa jana, mkeka wa chini ni wa zamani zaidi.

Katika tabaka za chini, za wakati ule Unguja ilipokuwa bado imeshikana na bara, walikuta mifupa ya pundamilia. Walikuta mifupa ya nyati. Naam, pundamilia wa Unguja! Katika tabaka za juu, za baada ya bahari kupanda, wanyama hao hawamo tena. Waliobaki ni wadogo: paa, kima, pelele, panya.

Basi jibu la ndugu yetu ni hili: wanyama wakubwa walikuwapo, wakatoweka. Bahari haikuwaua kwa kuwazamisha. Ilifanya nchi yao kuwa ndogo, kisha wakati ukamaliza kazi.

ZIZI DOGO NA ZIZI KUBWA

Mtauliza: kwa nini nchi ndogo imwondoe pundamilia, naye ana majani ya kula?

Ninyi wafugaji mtalielewa jambo hili upesi kuliko mimi. Chukueni wafugaji wawili. Mmoja ana ng'ombe 400, mwingine ana ng'ombe 4. Mwaka huu ndigana imeingia, ikaua nusu ya kila zizi. Wa kwanza amebaki na 200. Amelia, lakini bado ni mfugaji. Wa pili amebaki na 2. Na kama hao wawili wote ni madume, au wote ni majike? Zizi limekwisha. Ugonjwa ni ule ule, lakini mwenye wachache haponi.

Kisiwa kidogo ni zizi dogo. Panya maelfu wanaweza kuishi katika msitu mdogo, kwa kuwa kila mmoja hula kidogo. Pundamilia na nyati huhitaji malisho mengi, basi katika kisiwa watakuwa wachache. Simba huhitaji zaidi, maana hula hao wanaokula majani, basi atakuwa mchache kuliko wote. Ukija ukame mmoja, au ugonjwa mmoja, au wawindaji wenye mishale, wachache hao huisha. Bara wakiisha mahali, wengine hutoka kwa majirani kujaza pengo. Kisiwani hakuna jirani. Pengo hubaki pengo.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward Wilson, walitoa kitabu juu ya jambo hili. Kwa maneno mafupi walisema hivi: kisiwa kikubwa huwa na aina nyingi za viumbe kuliko kisiwa kidogo, na kisiwa kilicho karibu na bara hupata wageni wengi kuliko kilicho mbali. Sisi, baada ya kuona Unguja na Pemba, tunaongeza maneno mawili: kama kulikuwa na njia kavu zamani, na ni muda gani umepita tangu njia hiyo kufungwa.

WANAOBAKI HUBADILIKA

Jambo jingine. Mnyama akikaa kisiwani vizazi vingi sana, huanza kubadilika. Mara nyingi mkubwa huwa mdogo, kwa kuwa anayekula kidogo huishi pale chakula kilipo kidogo. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo pia. Katika kisiwa cha Sicily, huko Italia, zamani sana kulikuwa na tembo ambao kimo chao kilikuwa mita moja tu. Hebu fikirini: tembo mwenye kimo cha ndama! Kisiwa cha Madagaska nacho kilikuwa na viboko wadogo. Hao wote wametoweka.

Madagaska yenyewe inatosha kuwa somo zima. Ni kisiwa kikubwa mno, tena kiko mbali. Mlango wa bahari kati yake na bara ni wa kilomita 400 mahali pembamba. Wanyama wachache tu waliuvuka zamani za kale, huenda wakielea juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mafuriko. Lakini hao wachache walikuta nchi kubwa isiyo na wapinzani. Wakazaa, wakaenea, wakagawanyika. Leo aina za lemuri peke yake zinapita 100, na hakuna hata moja inayopatikana porini katika bara la Afrika. Kisiwa cha mbali hupokea wachache, lakini kikiwa kikubwa, huwafanya hao wachache kuwa ukoo mkubwa.

MKONO WA BINADAMU

Sasa tuje kwa yule tuliyemwacha nyuma, naye ni mtu. Mtu huja kisiwani na jahazi. Humo jahazini mna mbuzi, mna paka, na chini ya magunia mna panya asiyealikwa. Mtu huleta, na mtu huondoa.

Chukueni chui wa Unguja. Bahari ilipanda, nyati na pundamilia wakatoweka, yeye akabaki maelfu ya miaka akila paa na kima. Lakini misitu ilikatwa, na chui akaanza kukamata mbuzi na kuku. Watu wengi waliamini kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma kudhuru wenzao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwasaka wachawi na kuua chui. Miaka 30 baadaye wataalamu walimtafuta na kusema huenda ametoweka. Mwaka 2018 watu wa filamu walipata picha ya mnyama aliyefanana na chui, lakini picha moja haifanyi ukoo. Aliyestahimili kupanda kwa bahari hakustahimili miaka michache ya hasira ya watu.

Lakini nisiwape habari mbaya tu. Nimekwisha wataja popo wa Pemba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa kwa nyama na miti yao kukatwa, hata wakahofiwa kutoweka. Watu wa Pemba wenyewe walipoelezwa kwamba popo huyo hayuko mahali pengine popote, waliunda vikundi vya kuyalinda makazi yake. Mahali kama Kidike, wageni hulipa kiingilio kuwatazama. Popo wakaongezeka tena mpaka wakafikia maelfu mengi. Wale wale waliokuwa wakimla ndio waliomponya.

Na kima punju? Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004, imewasaidia. Baadhi yao huishi karibu na mashamba, hula majani ya miembe na mikungu ya watu, kisha huokota makaa ya mkaa wakayatafuna, kwa kuwa makaa hupunguza sumu iliyomo katika majani hayo. Kima anayetafuna makaa. Hilo nalo limeletwa na maisha ya kisiwani.

VISIWA VISIVYO NA BAHARI

Ndugu wasikilizaji, najua mmoja wenu anasema moyoni: "Haya ni mambo ya pwani. Sisi wa Usangu yanatuhusu nini?"

Simameni kesho asubuhi, mtazame kusini. Mnaona nini? Milima. Kule juu kuna baridi, ukungu na msitu. Hapa chini Usangu kuna joto, nyasi na mashamba. Sasa fikirini mnyama aliyezoea msitu wa baridi, ambaye hashuki chini ila mara chache. Kwake yeye, uwanda huu wetu ni nini? Ni bahari. Mlima wake ni kisiwa.

Mnyama huyo yuko, na jina lake ni kipunji. Ni kima mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye nywele zilizosimama kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani na ndio waliompa jina. Wataalamu walimwona katika msitu wa Mlima Rungwe mwaka 2003, na mwaka 2004 wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa dunia nzima, na mwaka 2006 alionekana kuwa wa nasaba ya peke yake, aliye karibu zaidi na nyani. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakuta kiasi cha 1,100 tu.

Tazameni mahali anapokaa. Kundi moja liko Rungwe na Kitulo, upande wa Mbeya. Kundi jingine liko Ndundulu, upande wa Iringa. Kati yao zipo zaidi ya kilomita 300, na katikati hakuna hata mmoja. Kipunji wa Rungwe hajapata kumwona wa Ndundulu, kama vile kima punju wa Unguja asivyopata kumwona mbega wa Udzungwa. Wataalamu wanaeleza kwamba zamani, mvua ilipokuwa nyingi, misitu ya baridi ilienea zaidi. Nchi ikakauka, msitu ukapanda milimani, na kila mlima ukabaki na watu wake.

Katika msitu huo huo wa Ndundulu alipatikana mnyama mwingine, njule mkubwa mwenye uso wa kijivu na pua ndefu kama mkonga mdogo. Alitangazwa mwaka 2008. Uzito wake ni gramu 700 hivi, na hukaa katika misitu ya milima hiyo ya Udzungwa tu.

Visiwa hivi vya milimani vilifanywa na hali ya hewa, kwa maelfu ya miaka. Lakini vipo visiwa vingine vinavyofanywa na jembe na shoka, tena katika maisha ya mtu mmoja. Kati ya Mlima Rungwe na misitu ya safu ya Livingstone upo ukanda mwembamba uitwao Bujingijila. Ukanda kama huo, ambamo wanyama hupita kutoka msitu hadi msitu, huitwa ushoroba. Miti yake ilikatwa sana. Ukikatwa wote, msitu mmoja umekuwa visiwa viwili, na zizi moja limekuwa mazizi mawili madogo. Ndiyo maana watu wameanza kupanda miti ya asili pale.

Hata hifadhi kubwa yaweza kuwa kisiwa. Mwaka 1996 mtaalamu William Newmark alichapisha uchunguzi wake juu ya hifadhi za Tanzania zinazozungukwa na makazi na mashamba. Aliona jambo lile lile la kichuguu: hifadhi ndogo zilikuwa zimepoteza aina nyingi za wanyama kuliko kubwa. Hakuna aliyezungushia bahari. Mashamba ndiyo yaliyokuwa maji.

Hapa nasema kwa heshima, maana jambo hili lina uchungu Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wakati huo hifadhi hiyo ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, yaani zaidi ya Unguja 12. Wapo miongoni mwenu waliopoteza malisho na nyumba. Sikuja kuwaambia uchungu huo si kitu. Wala somo hili haliwezi kukata shauri la mpaka uwe wapi na nani alipwe nini. Hilo ni la mkutano wenu wa kijiji na serikali. Lakini mkikaa katika mkutano huo, nataka mwe na kipimo mkononi. Mtu akisema, "Tuache msitu mdogo hapa na mdogo pale, wanyama watatosha," mnajua la kuuliza: je, vipande hivyo vimeungana? Vikiwa vimeungana, ni bara. Vikiwa vimetengana, ni visiwa, na kisiwa kidogo kitapoteza wakubwa wake kwanza. Na mtu akisema, "Njia hii ya tembo tuigeuze shamba," ulizeni: tembo atapita wapi? Maana asipopata njia, atapita katika mpunga wenu.

MUHTASARI

Andikeni mambo manne. Kwanza, njia: mnyama alikutwa na maji, aliruka, alielea, au aliletwa na mtu. Pili, ukubwa: kisiwa kidogo hakiwezi kushika wanyama wakubwa kwa muda mrefu. Tatu, muda: kadiri kisiwa kinavyotengana, wengine hutoweka na wengine hubadilika. Nne, mtu: aweza kumaliza kwa miaka michache kilichokaa miaka 10,000, na aweza pia kuponya.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini chui alikuwapo Unguja lakini hayuko Pemba?
2. Mifupa ya pundamilia katika pango la Kuumbi yatufundisha nini?
3. Popo wa Pemba na kima punju walifika visiwani kwa njia gani? Elezeni tofauti.
4. Wazee wenu walikuta wanyama gani Rujewa ambao leo hawaonekani? Andikeni majina yao, na miaka walipoonekana mara ya mwisho.
5. Je, kijijini kwenu kuna ukanda wa miti au njia ya wanyama inayounganisha pori na pori? Nani anautunza?

Kwa swali la nne, msiandike peke yenu. Nendeni kwa wazee, mwaketi nao, mwaandike maneno yao. Mzee asiyejua kusoma anaweza kuwa ndiye pango la Kuumbi la kijiji chenu. Anakumbuka tabaka za chini ambazo sisi hatukuziona. Leteni orodha hizo darasani, tuzisome pamoja juma lijalo.

Na yule ndugu yetu aliyerudi kutoka Unguja, sasa aweza kumjibu mzee wake hivi: "Kweli simba hana nauli ya meli. Lakini kulikuwa na wakati ambapo hakuihitaji."